Mbuzi wa Ng'ambo

Kama Madame Chimène angejua kwamba somo la mito ya Ulaya lingemrudia likiwa limeshika bunduki, siku ile angefundisha volkano. Lakini ni nani huogopa somo? Programu ilisema mito, naye akafundisha mito. Alichora ubaoni Rhine ikitenganisha Ufaransa na Ujerumani, akachora Danube ikipita kati ya Rumania na Bulgaria, akachora na Oder ya Wajerumani na Wapolandi, huku wanafunzi wake wakipiga miayo, maana jua la saa saba halimheshimu mwalimu wala mto.

Ndipo, ili kuwaamsha tu, akawaambia habari za Bidasoa. Ni kijito, alisema, mbele ya Mulonge wetu huu hakifui dafu. Upande mmoja Hispania, upande wa pili Ufaransa, na katikati ya maji kuna kisiwa kidogo ambacho hakikaliwi na mtu. Kuanzia mwezi wa pili kisiwa kile ni cha Hispania. Ikifika tarehe mosi ya mwezi wa nane kinakuwa cha Ufaransa, mpaka mwezi wa kwanza uishe, kisha kinarudi kwa wenzao. Hakuna anayepigwa, hakuna anayerogwa.

Darasa likaamka. Lingekosaje kuamka? Kijiji chao cha Kitoka kiko ukingoni mwa Mulonge, kusini kabisa mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, katika eneo la Kabambare. Ng'ambo ni Musimba. Na kati ya Kitoka na Musimba kulikuwa na kisiwa cha mchanga, na ndani ya mchanga ule kulikuwa na vumbi la dhahabu, na kila kiangazi vijana wa huku na vijana wa kule walipasuana vichwa kwa ajili ya vumbi hilo. Wanafunzi walibeba somo wakaenda nalo nyumbani, likazunguka jikoni, likafika msikitini na kanisani, likavuka mto katika mtumbwi wa Mado, yule mama muuza samaki ambaye hana upande. "Wazungu wenyewe wanafanyaka hivi," watu walisema. Wakuu wa vijiji viwili wakakutana, wakakubaliana, tena hawakubadilisha hata tarehe. Mwezi wa pili ni Kitoka, mwezi wa nane ni Musimba, na siku ya kupokezana, mwenye kuondoka anamkabidhi mwenye kuingia kafi la mtumbwi. Pakawa kimya. Kisiwa kikapewa jina, Kisiwa cha Madame.

Kichwa kilimvimba kidogo, tusimfiche. Chimène alikuwa mzaliwa wa Kasongo, mjane wa mtu wa Kitoka, mwalimu ambaye kwa muda mrefu watu walimsalimia na kupita. Sasa waliposimama kumsalimia, alijikuta akitembea polepole ili wasimame vizuri. Na katika amani ile binti yake wa pekee, Estelle, akaolewa ng'ambo, na Glody, kijana mrefu mpole ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa vijana wenye bunduki wa Musimba. Upole ni kitu kingine na bunduki ni kitu kingine. Katika nchi ile vinalala nyumba moja.

Tangu arusi, Glody hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Dini zimekuja, shule zimekuja, simu zimekuja, lakini kwa watu wa Mulonge mkwe bado ni mkwe. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani, anaingia majanini. Akiwa na neno la kumwambia, humwambia mtu wa tatu kwa sauti, na mama mkwe anasikia kama kwa bahati. Alipoketi mama mkwe, mkwe hapiti mbele yake, wala ndugu zake wa ukoo hawapiti, kwa sababu mama mkwe wa mmoja ni mama mkwe wa wote. Hali hiyo huisha siku moja tu. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe huleta mbuzi, mbuzi wa macho, wanamla pamoja, na tangu hapo anaweza kumtazama na kupita mbele yake kama mwana na mama. Chimène alimngojea mbuzi huyo kwa hamu. Estelle alipopata mimba, alianza hata kumwonea uchungu mbuzi ambaye hajamjua.

Kisha zikaja mvua, na hazikuwa mvua za kawaida. Mulonge alifura, akang'oa migomba ya Musimba, akajichimbia njia mpya karibu na vibanda vyao. Maji yalipopungua, watu walitoka wakatazama. Kisiwa hakikuwepo. Mchanga ulikuwepo, mwingi kuliko zamani, lakini ulikuwa umeshikana na ukingo wa Kitoka. Mtu wa Kitoka angeweza kwenda kwa miguu bila kulowesha kisigino. Mto wote ulipita upande wa Musimba.

Kuanzia hapo Chimène akaanza kuogopa. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliona mapema kuliko wengine.

Iliasi alimkuta uani mwa shule, siku za mwisho kabla ya likizo. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, mkaidi wa nyuma ya darasa, sasa ni mkubwa wa vijana wa Kitoka. Alivua kofia. Bunduki hakuivua.

"Jambo, Madame."

"Jambo, Iliasi. Hiyo bunduki inatafuta nini kwa masomo?"

"Inatembea tu, Madame. Uliona ile kisiwa? Haiko tena kisiwa."

"Niliona."

"Sasa watu wa Musimba wanasema mosi ya mwezi wa nane watavuka, wapewe kafi. Siye tunasema, kisiwa mutu anaweza kupatia mwenzake. Ukingo ya kwake hawezi. Ile sheria, weye ndiye uliletaka. Utakuja pale kwa muchanga, mbele ya watu wote, utatwambia. Muto ikihama, Wazungu wanafanyaka je?"

"Na kama sijui?"

Iliasi akatabasamu kwa adabu. "Madame unajuaka."

Alivaa kofia, akaenda hatua kadhaa, akageuka. "Tunajua Estelle iko kule. Ndiyo maana tutasikiliza muzuri sana."

Afadhali angefoka. Mtu anayefoka unaweza kumfokea. Adabu ile Chimène alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo.

Kesho yake Mado akaja na kikapu chake cha samaki, akaketi kizingitini, akatoa ujumbe wa upande wa pili kabla ya kutoa samaki.

"Mukwe wako anakusalimia sana. Anasema aliheshimu tarehe, aliheshimu kafi. Anaomba mama aseme ile ile alifundishaka, asiongeze, asipunguze."

"Na Estelle?"

Mado akapangusa mikono kwenye kitenge. "Tumbo imeshuka. Hawezi tena kutembea mbali. Hata mtumbwi itamushinda."

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa, na hayakuhitaji ramani. Akisema mchanga ni wa Kitoka, watu wa Musimba watavuka na bunduki, na vijana wa Iliasi wamekwisha kuapa kwamba wakivukiwa watavuka na wao, wachome Musimba mpaka jiko la mwisho. Akisema mchanga ni wa Musimba, Kitoka watasema mama ameuza kijiji kwa ajili ya mkwe, watamwanzia yeye, kisha watavuka vile vile. Njia zote mbili zilifika kwenye kibanda kimoja, na katika kibanda hicho alilala mwanawe asiyeweza kukimbia. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mdomo waweza kuponza kichwa cha mtoto.

Alifungua kitabu chake cha jiografia. Kilijua urefu wa Danube, kilijua hata samaki wake, lakini kuhusu mto unaohama njia yake hakikuwa na la kusema. Akapanda kilima kile ambako simu hupata mtandao, akasimama kati ya wake wa wachimbaji waliokuwa wakipigia waume zao huko migodini Salamabila, akampigia Raphaël, mwalimu wake wa zamani huko Kasongo, mzee aliyestaafu lakini redio yake haijastaafu.

"Prof, muto ya mupaka ikihama, kule Ulaya wanafanyaka je?"

Raphaël akacheka, maana aliye mbali ndiye mwenye nafasi ya kucheka. "Chimène, kuna majibu mbili. Unataka ile ya Meuse ao ile ya Danube?"

"Zote."

"Meuse iko kati ya Ubelgiji na Uholanzi. Ilikuwa inapinda-pinda, wakainyoosha. Basi vipande vya Wabelgiji vikabakia ngambo kwa Waholanzi, na vya Waholanzi ngambo kwa Wabelgiji. Polisi wa Ubelgiji hawawezi kufika pale bila kupita kwa wengine. Wakaongea, wakaongea, mwisho wakabadilishana. Twaa hiki, nipatie kile. Hakuna hata jiwe ilirushwa."

"Walichukua muda gani?"

"Loo! Miaka na miaka. Watoto walizaliwa, wakaoa."

Chimène akafumba macho. "Na Danube?"

"Danube kati ya Wakroati na Waserbia. Muto ilihama zamani. Mumoja anasema mupaka ni pale muto ilikuwa, mwingine anasema ni pale muto iko. Mpaka leo hawajasikilizana. Kuna kipande ya pori pale, hata mutu wa kuidai hakuna, kila mumoja anasukumia mwenzake."

"Walipigana?"

Simu ikakwaruza. Raphaël hakujibu swali, au alijibu upepo ukachukua. Sauti iliporudi alikuwa amekwisha kuhamia kwingine, kama wazee wanavyofanya. "Na ile kisiwa ya Bidasoa, uliwaambia watoto habari ya arusi? Mufalme wa Hispania alimuleta binti yake palepale, akamukabizi kwa mufalme wa Ufaransa. Ile amani, Chimène, ilikuwa ya wakwe. Usisahau kusema..."

Mtandao ukakatika. Kweli hakuwaambia watoto habari ya arusi. Aliiona zamani kitabuni akairuka, akidhani ni umbea wa wafalme. Sasa hivi pia hakuifikiria. Alikuwa akifikiria miaka na miaka ya Wabelgiji, na tumbo la Estelle lililoshuka.

Akaamua atasema Meuse. Atasema kubadilishana. Musimba waache mchanga, Kitoka wawape shamba la mihogo huko juu, maneno yaishe. Alilikariri jibu akichota maji, akalikariri akipepeta mchele, akalitengenezea mwanzo na mwisho. Kila alipofika katikati, alimwona Iliasi akivua kofia.

Siku ikafika. Hofu ina desturi ya kumwamsha mtu mapema ili aogope vizuri. Chimène alioga, akavaa kitenge cha arusi ya Estelle, akajifunga kilemba, kikalegea, akakifunga tena. Njiani watu walimsalimia na kusimama, kama zamani, ila leo walisimama mbali.

Mchangani vijana wa Kitoka walikuwa wamekwisha kupanga mstari, bunduki zingine mpya, zingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Iliasi akamwonyesha kwa mkono mahali pa kusimama, mbele, peke yake, katikati ya mchanga. Kafi la mtumbwi lilikuwa limechomekwa pale. Aliposimama karibu nalo, aliona ng'ambo mitumbwi ikijaa. Hakumwona Estelle. Alitafuta kila paa la Musimba, akijiuliza ni paa lipi lina mwanawe, na hakuweza kukumbuka, yeye aliyelitazama paa lile kila jioni tangu arusi. Hofu ilikuwa imempokonya hata hilo.

Mitumbwi ikavuka. Njia mpya ya maji ni nyembamba; ilivuka upesi mno. Nyuma yake akasikia chuma kikigongana na chuma, sauti ile kavu ya bunduki inayotayarishwa, na sauti hiyo ikapita mstari mzima kutoka kijana hadi kijana.

"Sasa sema, Madame," akasema Iliasi.

Alifungua mdomo. Meuse haikuwepo. Ubelgiji haikuwepo. Mtumbwi wa kwanza ukagusa mchanga, Glody akaruka majini, bunduki begani, na nyuma yake ndugu zake wa ukoo, wengi, wakipanda kuja. Chimène alijua kwamba atakufa hapo, na baada yake Estelle, na mtoto ambaye hana hata jina. Magoti yakamwacha. Alianguka akakaa, miguu imenyooka mbele kama mtu wa matangani, kilemba kikamvuka kikaangukia mchangani, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wote wale.

Glody akainua macho, akamwona.

Aligeuka papo hapo, kama mtu aliyepigwa kofi. Akatazama maji. Waliokuwa nyuma yake walimgonga, wakashangaa, kisha mmoja mmoja wakaona ni nani ameketi pale, kichwa wazi, nao wakageuka. Ukoo mzima wa Musimba, bunduki begani, ukawa umesimama unatazama mto.

Maji yakaramba mitumbwi.

Na hapo ndipo hofu ya Chimène ilipofika mahali ambapo haikuwahi kufika. Aliyaona mambo kama Iliasi alivyoyaona. Adui wote wamesimama pamoja, wamegeuza migongo. Kijana mmoja wa Kitoka akicheka tu, mwingine akikunja kidole, yatakuwa yamekwisha, na Musimba itakuwa mjane mmoja mkubwa.

"Madame," Iliasi akasema taratibu. "Toka hapo."

"Siwezi."

"Madame, toka kwa njia."

"Miguu inakataa, Iliasi. Naogopa." Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. "Naogopa sana, mutoto wangu. Ukipiga, itapita kwanza hapa kwangu. Miye ndiye nilikufundisha kuandika jina yako. Ulikuwa unaandika L mbele ya I, unakumbuka?"

Baadaye watu walikuja kusema kwamba Madame ni jasiri, kwamba alipanga, kwamba alijua desturi akaitumia kama silaha. Uongo mtupu. Magoti ndiyo yaliyojua. Yeye hakuwa amepanga hata kukaa.

Iliasi hakupiga. Huenda ni ile L. Huenda ni kwamba mtu anaweza kufanya mengi akiwa na bunduki lakini kupitisha risasi kwa mwalimu wake mbele ya mama yake mzazi, aliyekuwa amesimama ukingoni pale na wanawake wengine, hilo ni zito. Aliteremsha mtutu. Glody, bila kugeuka, akasema kwa sauti kubwa, kana kwamba anaongea na samaki:

"Mado! Umuambie mama hivi. Pale ameketi, siwezi kupita. Miye wala wandugu zangu."

Chimène alisikia, na ndipo akili ilipomrudia. Ilirudi polepole, ikamkuta ameketi mahali pazuri. Akakumbuka arusi ya Bidasoa ile aliyoiruka. Kumbe.

"Mado," akasema, sauti ikitetemeka vibaya, "umuambie baba, mukwe wangu, kwamba nimesikia. Nitabakia hapa. Na weye Iliasi, usikie. Mutu wa Kitoka akigusa huu muchanga hata na kijiko, nasimama. Nikisimama, naenda kwangu, njia itafunguka kwa wale, mutabakia wenyewe kwa wenyewe."

Ni mwalimu gani amewahi kutisha watu kwa kusema atasimama? Lakini walitishika, upande huu na upande ule. Glody na ndugu zake wakarudi mitumbwini kinyumenyume. Iliasi akang'oa kafi, akalitazama, asijue ampe nani, akalichomeka tena palepale.

Wakamjengea kibanda juu ya mchanga, cha fito na majani, mlango ukitazama Musimba. Wanawake wa Kitoka wakamletea ugali na sombe ya majani ya mihogo, Mado akamletea samaki. Dhahabu ililala chini yake bila kuguswa, na vijana wengi wa pande zote mbili, wakinung'unika, wakapanda pikipiki kwenda kuchimba Salamabila. Wakuu wa vijiji walikuja kibandani, akawaeleza Meuse yote, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyoikariri. Wakaipenda. Wakaanza kuzungumzia kubadilishana, shamba gani kwa mchanga gani, na tangu hapo wanazungumza. Wabelgiji walichukua miaka na miaka; watu wa Mulonge hawataki kuonekana wana haraka kuliko Wabelgiji.

Asidhani mtu kwamba hofu ilimwisha. Ilihama tu, kama mto. Zamani aliogopa siku moja. Sasa aliogopa kila siku, kidogo kidogo, kwa kila mtumbwi aliouona na kila mlio wa pikipiki ng'ambo. Hata kwenda chooni alikwenda mbio, akirudi akitweta.

Kisha asubuhi moja vigelegele vikalia Musimba.

Vilianza nyumba moja, vikashika kijiji kizima, vikaja juu ya maji mpaka mlangoni pake. Chimène akasimama nusu, akakumbuka, akakaa. Mado akapiga kafi hata mtumbwi ukataka kupinduka.

"Mama Estelle! Mutoto mwanamuke! Wote wako wazima!"

Furaha ilimjaa kifua, akacheka kwa sauti, akapiga vigelegele na yeye, peke yake mchangani. Alilia, akamshukuru Mungu, akamuuliza Mado mtoto ana nywele, ana vidole, analia vipi. Na katikati ya maswali hayo akakumbuka.

"Mado. Mbuzi."

Mado akatazama chini. "Imenunuliwa. Nyeupe, masikio meusi. Iko inafungwa nyuma ya nyumba."

Mtoto wa kwanza amezaliwa. Mkwe ataleta mbuzi. Watamla pamoja, macho yatafunguka, na Glody atakuwa mwana anayeweza kumtazama, kumsalimia kwa mkono, na kupita mbele yake. Yeye na ukoo wake wote, na bunduki zao. Kumkataa mbuzi ni kumkataa mtoto mbele ya vijiji viwili. Hakuna bibi aliyewahi kufanya hivyo akaitwa mtu. Kitu alichokingojea tangu arusi, ambacho angekipokea kwa kucheza, sasa kilikuwa kikila majani ng'ambo, na siku yoyote kingepanda mtumbwi.

"Vijana wake wanasemaje?" akauliza.

"Wanamuambia, peleka mbuzi, mambo iishe."

Siku zilizofuata hakula. Alikaa mlangoni akitazama mahali pa mitumbwi. Kila kitu cheupe kilikuwa mbuzi: nguo iliyoanikwa, korongo, gunia la unga. Alimwomba Mungu mbuzi afe, kisha akatubu, kisha akamwomba tena.

Walikuja saa za asubuhi, jua likiwa bado dogo. Chimène aliona kwanza watu wengi wakiteremka ukingoni Musimba, akawaona vijana, akaona kamba, na mwisho wa kamba mbuzi mweupe mwenye masikio meusi. Mkono ulioshika kamba ulikuwa wa Glody. Nyuma yake alikuja Estelle, akitembea taratibu, na kitu kidogo kimefungwa kifuani. Upande wa Kitoka pia watu walikusanyika. Iliasi alikuwepo. Kile chuma kikavu kililia tena mahali fulani.

Mtumbwi ulikuwa pale, umeelekezwa majini. Glody akamvuta mbuzi mpaka ukingoni kabisa, miguu ya mbele ya mnyama ikalowa. Kisha akageuka, akaupa mto mgongo, akaupa mgongo mama mkwe wake.

"Mado!" akaita, ingawa Mado alikuwa amesimama karibu naye. "Umuambie mama, mutoto amezaliwa. Jina yake ni Chimène."

Sauti yake ilikuwa na kitu ndani. Mwalimu wa miaka mingi huitambua sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Umuambie tena, mbuzi yake iko. Sijaisahau. Lakini hii mbuzi imekonda sana, ni haya kumupatia mama mukwe mbuzi namna hii. Nitaichunga kwanza. Siku itanona, nitavuka nayo."

Watu wote walimtazama mbuzi. Alikuwa mnene hata shingo haikuonekana. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa vijana wa Musimba alifungua mdomo, ndugu mkubwa akamtazama, akaufunga. Ndipo Chimène alipoelewa kwamba huko nyuma ya mgongo ule mrefu kulikuwa na mtu anayeogopa kama yeye, labda kumzidi, kwa maana huyo alikuwa na mtoto ndani ya nyumba.

"Mado," akaita, na sauti ikavuka vizuri, "umuambie baba, miye sikulaka mbuzi mwembamba. Aichunge muzuri. Asifanye haraka."

"Amesikia," akasema Mado.

Estelle akafungua kanga kifuani, akamwinua mtoto kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, jua likamwangaza. Kutoka pale mchangani hungeweza kujua amefanana na nani. Kilikuwa kitu cheusi kidogo kinachotikisa miguu. Chimène akainua mkono, akauacha juu muda mrefu, mpaka ukamuuma, mpaka Estelle akamteremsha mtoto akamfunga tena.

Wazee bado wanazungumza. Kibanda kimekwisha kuwekwa majani mapya. Mtoto ameanza kukaa, ndivyo asemavyo Mado, na ana kelele za bibi yake. Kila asubuhi kukipambazuka Madame Chimène hufungua mlango na kutazama ng'ambo. Humtafuta kwanza mbuzi. Akishamwona amefungwa mahali pake, anakula, ndipo humtafuta mjukuu wake.